Ukisikia ‘Myahudi’, unamwona nani?

Hebu fanya jaribio dogo ukiwa Machakos mjini. Simama stejini, au keti kwenye nyasi za People’s Park Jumapili jioni, uulize watu 5 swali moja tu: Myahudi ni nani?

Jibu la kwanza litatoka kanisani. Utaambiwa Wayahudi ni taifa teule, ukiwabariki nawe utabarikiwa. La pili litatoka kwenye simu. Utaambiwa ndio wenye benki zote, ndio wenye sinema za Hollywood, na kwamba hata bei ya unga wanaipanga wao wakiwa wamejifungia chumbani mahali fulani. La tatu litatoka kwenye taarifa ya habari: ni wale wanaoshambulia Gaza.

Kuna jibu moja ambalo huenda usilisikie kabisa. Kwamba Myahudi anaweza kuwa Mkenya mwenye kitambulisho, anayelipa ushuru, anayepiga foleni siku ya kura na anayelalamika stima ikipotea, kama wewe.

Mbona tuongee hayo Machakos, mahali ambapo pengine hujawahi kukutana na Myahudi hata mmoja? Kwa sababu hapo ndipo penye shida. Mtu usiyemjua ni rahisi kumjaza maneno. Na siku hizi maneno hayo yanatembea kwa simu kutoka London au New York hadi Mwala na Kathiani kwa dakika chache.

<b>Hali imekuwa mbaya</b>

Oktoba 7, 2023, wapiganaji wa Hamas waliingia Israeli wakaua watu wapatao 1,200 na kuteka wengine karibu 250. Kati ya waliouawa walikuwa vijana 2 Watanzania, Clemence Mtenga na Joshua Mollel, waliokuwa wamefika huko wiki chache tu kabla ya hapo kujifunza kilimo. Vita vilivyofuata vimeua Wapalestina makumi ya maelfu huko Gaza, wakiwemo wanawake na watoto wengi.

Hasira ya dunia ikapanda, na sehemu ya hasira hiyo ikapotea njia. Badala ya kuwaendea wenye serikali na wenye bunduki, ikawaendea watu wanaosali. Oktoba 2, 2025, siku ya Yom Kippur, ambayo ndiyo siku takatifu kuliko zote kwa Wayahudi, sinagogi moja mjini Manchester, Uingereza, ilishambuliwa na watu 2 wakafa. Desemba 14 mwaka huohuo, familia zilizokuwa zikisherehekea sikukuu ya Hanukkah katika ufuo wa Bondi, Sydney, zilimiminiwa risasi. Watu 15 waliuawa.

Wala usidhani ni Gaza iliyoanzisha chuki hii. Oktoba 2018, miaka 5 kabla ya vita hivi, mtu mwenye bunduki aliua waumini 11 ndani ya sinagogi mjini Pittsburgh, Marekani. Na kosa hilohilo linawapiga Waislamu na Wapalestina pia. Wiki moja tu baada ya Oktoba 7, mtoto wa miaka 6 mwenye asili ya Kipalestina alidungwa kisu hadi kufa katika jimbo la Illinois. Huyo mtoto alikuwa amemkosea nani?

<b>Walikuwa hapa zamani</b>

Turudi nyumbani. Desemba 1902, waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipanda treni kutoka Mombasa kwenda bara. Reli ile ndiyo iliyopita nyika za Athi ikauacha mji wa Machakos kando, ndiyo maana makao makuu yakahamia Nairobi. Chamberlain alitazama dirishani akaona ardhi, na kichwani akawaza kwamba hapa pangewafaa Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi.

Mwaka uliofuata serikali yake ikawapa viongozi wa Wayahudi pendekezo rasmi la kupewa ardhi katika nyanda za Uasin Gishu. Mpango huo uliitwa “wa Uganda”, ingawa eneo lenyewe leo ni Kenya. Wanandi na Wamaasai waliokuwa wakichunga ng’ombe huko hakuna aliyewauliza lolote. Walowezi wa Kizungu nao, wakiongozwa na kina Lord Delamere, walipinga kwa sauti kubwa. Hawakuwa wakitetea wenyeji. Walikuwa hawawataki Wayahudi. Ukitafuta chuki dhidi ya Wayahudi katika historia ya Kenya, utaipata hapo, ikiwa imevaa kofia ya mkoloni. Mwaka 1905 Wayahudi wenyewe waliukataa mpango huo.

Wachache walikuja kivyao. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, alifika 1903 bila mali ya maana. Moja ya biashara zake za kwanza ilikuwa kushona magodoro na kuyajaza nyasi kavu, yaani hasla kama hasla nyingine yoyote unayoijua. Baadaye familia yake ikamiliki hoteli za Norfolk na New Stanley. Waumini wa Nairobi walianza kukusanyika rasmi 1904, na sinagogi yao iko hadi leo kando ya University Way. Ukitoka Machakos ukishuka katikati ya jiji, unaweza kutembea hadi hapo. Katikati ya miaka ya 1950, Nairobi ilikuwa na meya Myahudi, Israel Somen.

<b>Julai 1938: Machakos na Ulaya</b>

Kuna mwezi mmoja ambao kijana wa Machakos anafaa kuujua. Julai 1938, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwanyang’anya Wakamba ng’ombe kwa lazima na kuwauza kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig’s kikiwa kimefunguliwa Athi River. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Wakamba hawajui kufuga, wanaharibu udongo. Si mfugaji fulani, bali Wakamba wote. Muindi Mbingu na wenzake wakakataa. Wanaume, wanawake na watoto walitembea kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kusikilizwa na gavana. Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini mwishowe serikali ikalegeza kamba.

Mwezi huohuo, wawakilishi wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, kujadili nani atawapokea Wayahudi waliokuwa wakikimbia Ujerumani ya Hitler. Hotuba za huruma zilikuwa nyingi, lakini nchi karibu zote zilisema hazina nafasi. Miezi 4 baadaye, usiku wa Novemba 9, masinagogi yaliteketezwa kote Ujerumani. Hatimaye Wayahudi milioni 6 waliuawa.

Kenya ilipokea wakimbizi wachache tu. Mmoja alikuwa msichana mdogo, Stefanie Zweig, aliyefika mwaka huohuo wa 1938. Baba yake alikuwa wakili Ujerumani. Hapa akawa mfanyakazi wa shamba. Binti akakua akiongea Kiswahili, na akiwa mtu mzima akaandika riwaya kuhusu maisha hayo. Filamu iliyotengenezwa kutokana na riwaya hiyo ilishinda Oscar mwaka 2003.

Sasa sikia kilichompata baba huyo. Vita vilipoanza Septemba 1939, Waingereza wa Kenya walimfungia kambini kwa kuwa alikuwa na asili ya Ujerumani, nchi adui. Ujerumani ilikuwa imemfukuza ikisema si Mjerumani, ni Myahudi. Kenya ikamfunga ikisema ni Mjerumani. Pande zote mbili zilikuwa na jina tayari la kumbandika, na hakuna upande uliojali alichofanya yeye mwenyewe.

Weka hadithi hiyo kando ya ile ya Muindi Mbingu uone zinavyofanana. Mtu anapewa jina la kundi, kisha kundi linapewa kosa, kisha kosa linakuwa sababu ya kumnyang’anya ng’ombe, nyumba au uhai.

<b>Si wote ni wazungu, wala si wote ni matajiri</b>

Kama picha uliyo nayo ni ya mzee mwenye ndevu na kofia nyeusi anayehesabu dola, basi panda gari uende Kasuku, kaunti ya Nyandarua. Huko kuna jamii ndogo ya Wakenya weusi wanaofuata dini ya Kiyahudi. Ni wakulima, wanalima viazi kama majirani wao, ila Jumamosi hawaendi shambani.

Vuka mpaka hadi Mbale, Uganda. Jamii ya Abayudaya ilianza huko 1919, pale kiongozi Semei Kakungulu alipotahiriwa pamoja na wafuasi wake na kuamua kuishi kwa sheria za Agano la Kale. Miaka ya 1970 Idi Amin aliipiga marufuku dini hiyo. Masinagogi yakafungwa, wengi wakabadili dini kwa kuogopa, na waliobaki wakasali kwa kujificha. Baada ya Amin kuondoka walijikusanya upya. Mmoja wao, Gershom Sizomu, akawa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho North. Wayahudi peke yao hawatoshi kumpeleka mtu bungeni pale. Kura nyingi zilitoka kwa Wakristo na Waislamu.

Huko huko Mbale, tangu 2004, wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu wana chama kimoja cha ushirika cha kuuza kahawa. Hawakubaliani kuhusu siku ya kusali, lakini kuhusu bei ya kahawa wako pamoja kabisa.

<b>Mapenzi yenye mtego</b>

Pengine unasema: sisi Machakos hatuwachukii Wayahudi, tunawapenda. Kweli. Tazama makanisa yanayopeperusha bendera ya Israeli, pembe za kondoo zinazopulizwa kwenye kesha, nyota ya Daudi iliyobandikwa kwenye kioo cha matatu. Hakuna ubaya mtu kuipenda nchi iliyo kwenye Biblia yake.

Lakini jiulize, unayempenda ni nani? Ukimpenda Myahudi kwa sababu ni tiketi yako ya baraka, bado hujamwona yeye. Umeona Musa na Daudi. Siku utakayokutana na Myahudi asiyeenda sinagogi kamwe, au anayeipinga serikali ya Israeli barabarani Tel Aviv, au aliyefilisika, utamfanyia nini? Utasema si Myahudi wa kweli? Mapenzi ya namna hiyo hayachelewi kugeuka, kwa sababu tangu mwanzo hayakuwa ya mtu.

Hata sifa inaweza kuwa mtego. “Wayahudi wana akili sana ya pesa” inasikika kama pongezi. Lakini ndiyo ngazi ya kwanza ya ile stori ya “wameficha pesa zetu”.

Wewe wa Ukambani unaijua ladha ya jambo hili. Ukifika Nairobi ukataja kwenu, kuna msee atakayeuliza kwa kicheko kama umebeba kamuti. Unacheka naye, maisha yanaendelea. Sasa fikiria utani huo ukitoka kwenye meza ya chai ukaingia kwenye hotuba ya mwanasiasa, ukaingia kwenye barua ya kukunyima kazi, ukaingia kwenye mdomo wa mtu mwenye petroli mkononi. Mchezo wenyewe ni uleule, ila sasa hakuna anayecheka.

<b>Uwongo uliozeeka</b>

Ile video ya wazee wa Kiyahudi wanaopanga kutawala dunia si habari mpya. Ilianza kama maandishi yaliyochapishwa Urusi mwaka 1903, yakijifanya ni kumbukumbu za mkutano wa siri wa viongozi wa Kiyahudi. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha kwamba sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha 1864, ambacho hakikuwa na habari za Wayahudi hata kidogo. Kwa ufupi, ni kopi iliyobadilishwa majina. Hitler aliitumia hata hivyo. Leo imekatwakatwa vipande vya sekunde 30, ikawekewa muziki wa kutisha, ikatua kwenye simu yako.

Piga hesabu tu. Wayahudi wote duniani ni kama milioni 15 au 16, kati ya watu zaidi ya bilioni 8. Hao ni wachache kuliko theluthi moja ya Wakenya. Wangekuwa wanaendesha kila kitu, wangeshindwaje kuyalinda masinagogi yao wenyewe?

Uwongo huu unapendwa kwa sababu ni rahisi. Unga ukipanda bei, ni kazi kufuatilia bajeti, ushuru, mvua na madalali. Ni rahisi zaidi kusema kuna mtu wa mbali anayetuchezea. Na huyo wa mbali akilaumiwa, wa karibu aliyekula pesa zako anatulia kabisa.

<b>Je, ina maana ukae kimya kuhusu Gaza?</b>

Hapana. Serikali ya Israeli ni serikali kama nyingine. Unaweza kuikosoa, kuandamana, kuandika, kudai vita visimame na watoto wapate chakula. Wayahudi wengi wanafanya hivyo, ndani na nje ya Israeli. Anayekwambia kila ukosoaji wa Israeli ni chuki dhidi ya Wayahudi anakufunga mdomo bure.

Mstari uko mahali pengine. Ukisema “serikali ile imefanya hivi”, unazungumzia kitendo na mwenye kitendo. Ukisema “Wayahudi ndivyo walivyo”, umemhukumu bibi wa Nairobi ambaye hajawahi kupiga kura Israeli, mkulima wa Kasuku na mwanafunzi wa Manchester, wote kwa pamoja.

Wakenya tumeshaona mambo haya kwa macho yetu. Mwaka 1976, baada ya makomando wa Israeli kuwaokoa mateka Entebbe na ndege zao kupitia Nairobi, Amin aliwageukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Wengi waliuawa na maelfu wakakimbia, kwa uamuzi ambao hawakuufanya wao. Aprili 2014, baada ya mashambulio ya Al-Shabaab, maelfu ya watu walikusanywa Eastleigh, wengi wao Wasomali, na wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Kati yao walikuwemo Wakenya wenye vitambulisho. Ukiona hilo halikuwa haki, basi unayo tayari kanuni ya kutumia hapa.

Tena chuki haina shabaha. Novemba 28, 2002, washambuliaji wa Al-Qaeda waliilipua hoteli ya Paradise huko Kikambala kwa sababu ilikuwa ya Waisraeli. Waliuawa Waisraeli 3, na Wakenya 10. Baadhi ya hao Wakenya walikuwa wachezaji ngoma waliotoka kuwakaribisha wageni. Walikuwa kazini.

<b>Kabla hujasambaza</b>

Video ikitua kwenye grupu lenu, jiulize mambo 3. Je, inamlaumu mtu aliyefanya jambo, au inalaumu watu kwa walivyozaliwa? Je, ukiondoa neno “Wayahudi” ukaweka “Wakamba”, “Wasomali” au “Waislamu”, bado ungeituma? Na je, inakupa habari unayoweza kuithibitisha, au inakupa tu mtu wa kumchukia?

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 32 cha Katiba kinamlinda kila mtu katika dini yake, na cha 33 kinasema wazi kwamba uhuru wa kusema hauhusu uchochezi wa chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka faini ya hadi Sh1 milioni, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayechochea chuki ya kikabila, na ukabila hapo unahusu pia rangi, taifa na asili. Haijaandika kwamba lazima unayemtukana awe jirani yako wa nyumba ya pili.

Lakini sheria huja baada ya jambo kutokea. Pale Bondi, risasi zikiendelea kulia, mwanamume mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Syria, alimrukia mshambuliaji mikono mitupu akampokonya bunduki. Alijeruhiwa kwa risasi. Hakuwa amewauliza waliokuwa wakikimbia wanaunga mkono serikali gani.

Wewe huombwi kurukia bunduki. Unaombwa kitu kidogo zaidi: grupu likichangamka na stori ya “hawa watu”, uwe yule mmoja anayeuliza, “Watu gani hasa? Taja jina, taja alichofanya.” Utashangaa jinsi stori nyingi zinavyoishia hapo.